Dawa ya Deni ni Deni Jingine: Mwongozo wa Mkopaji wa Simu

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Wazee hao walikopa kibaba cha unga kwa jirani, wakakirudisha baada ya mavuno, na jirani hakuwatumia ujumbe saa kumi na moja alfajiri kuwajulisha kwamba wamefuzu kukopa kibaba cha pili. Zama zimebadilika. Siku hizi mtu hatafuti mkopo. Mkopo ndio unaomtafuta, unamwita kwa jina lake la kwanza, na unampongeza. Hongera, fulani! Unaweza kukopa hadi shilingi 3,000 sasa hivi! Ni nani mwingine aliyekupongeza wiki hii?

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Mkenya mwenye simu na haraka, pamoja na jirani yake Mtanzania, ambaye mikopo ya aina hii ameibatiza kausha damu, bila shaka kwa mapenzi. Ukiufuata hatua kwa hatua utaepukana kabisa na aibu ya kumiliki mshahara wako mwenyewe.

Kanuni kuu ni moja tu, na nyingine zote zinaitegemea: usipige hesabu. Mahali pengine nimelazimika kuandika hesabu zenyewe ili ujue ni zipi hasa usizopaswa kuzipiga. Ukizifikia, fumba macho upite.

Vifaa vinavyohitajika

Simu yenye chaji. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Bando la kutosha kupakua programu nne au tano za mikopo. Orodha ndefu ya majina kwenye simu, hasa ya wakwe, mchungaji au imamu, na bosi. Kalamu, karatasi na kikokotoo havihitajiki. Kama viko mezani, viondoe.

Hatua ya kwanza: Anza na kidogo

Hakuna aliyezaliwa akidaiwa na programu sita. Anza na muda wa maongezi. Safaricom wana huduma ya Okoa Jahazi: unaomba shilingi 100, unapewa 90, unalipa 100. Shilingi kumi zimeondoka kabla hujasema haloo.

Hesabu usiyopaswa kupiga: kumi juu ya 90 ni zaidi ya asilimia 11, tena kwa mkopo unaoweza kuulipa kesho yake. Lakini usikae na uchungu. Shabaha ya hatua hii ni mazoezi. Kidole kinajifunza njia ya menyu, na moyo unazoea kupokea pungufu na kulipa kamili. Bila msingi huu, hatua zinazofuata zitakushtua.

Hatua ya pili: Ukubali kwamba hiyo si riba

Riba ni jambo zito. Vitabu vya dini vimelitolea hukumu, na Bunge la Kenya nalo liliwahi kulitolea yake: kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019, sheria ilizikataza benki kutoza zaidi ya asilimia nne juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu. Katika miaka hiyo yote M-Shwari, iliyozinduliwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, iliendelea kutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Maelezo yalikuwa kwamba hiyo si riba bali ni ada ya kuwezesha mkopo. Anayetoza ada ni mtoa huduma, na mtoa huduma hana kesi na mtu.

Mkopaji aliyekomaa huichukua asilimia hiyo 7.5, akailinganisha na 13 au 14 ya benki, kisha akaicheka benki. Asiulize kama moja ni ya mwezi na nyingine ni ya mwaka. Maswali ya namna hiyo huchelewesha mkopo, na mkopo huu ulikuwa ufike baada ya sekunde chache.

Hesabu usiyopaswa kupiga: kwa shilingi 4,000, ada ni 300. Ukishindwa kulipa siku ya thelathini, unaongezewa siku 30 nyingine pamoja na ada nyingine. Ukikopa 4,000 hizo mwezi hadi mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa ada ya 3,600, na zile 4,000 bado unadaiwa. Hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka, kabla hujaongeza ushuru wa serikali. Hakuna mtu ambaye angeingia benki akasaini mkopo wa asilimia 90. Ndiyo maana hapa husaini. Unabonyeza tu.

Hatua ya tatu: Hesabu kwa siku

Januari 2019 ilikuja Fuliza ya Safaricom, na elimu ya kukopa ikapanda daraja. Uzuri wake ni kwamba hata huombi. Uko dukani, bei ni 350, una 200. Simu inakuambia salio halitoshi, lakini ukipenda itajaza pengo. Nyuma yako pana foleni. Mwenye duka amekukodolea macho, mkono mmoja tayari umeshika mfuko wa sukari ambayo hajui kama ni yako au ni yake. Nani amewahi kusema hapana mbele ya foleni?

Ada zake nazo zina adabu. Ukiacha ada ya kuanzia ya asilimia moja, hutozwi kwa mwezi wala kwa mwaka, unatozwa kwa siku, tena kwa shilingi chache ambazo hata bodaboda hatakushukia bei kwa ajili yake. Ni kama muwa: mzima hakuna anayeumaliza, lakini ukikatwa pingili, mtu anatafuna mpaka anashangaa kwamba ameshika kisu tu.

Hesabu usiyopaswa kupiga, na hii naomba uifumbie macho yote mawili: kwa viwango ilivyoanza navyo, mwenye deni la shilingi 3,000 alilipa 30 za kuanzia, na baada ya hapo 30 kila siku. Akimaliza siku 30 bila kulipa amedaiwa ada ya 930, karibu theluthi ya deni lenyewe. Sasa mtazame aliyekopa 70,000, ambacho ndicho kikomo cha juu. Naye alitozwa 30 kwa siku, ile ile. Ukijumlisha 700 zake za kuanzia, mwezi unamgharimu 1,600, ambazo hazifiki hata asilimia mbili na nusu. Kwa maneno mengine, mama mboga aliyepungukiwa na pesa za kwenda sokoni alilipia kila shilingi yake zaidi ya mara kumi ya bwana aliyepungukiwa na pesa za gari. Usilichukulie hili kama dhuluma. Ni heshima: maskini naye ametambuliwa kuwa na uwezo wa kulipa.

Kuna uzuri wa pili. Pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yako hulipa Fuliza kwanza. Mama akikutumia 1,000 za dawa, deni linashukuru kabla yako. Na kwa kuwa umelipa, limiti yako imerudi, kwa hiyo unakopa 1,000 ili ununue dawa. Mama ametuma pesa, dawa zimenunuliwa, na deni liko pale pale, ila sasa lina ada mpya ya kuanzia. Kila mtu ameridhika.

Onyo: Oktoba 2022 ada hizi zilipunguzwa, na anayekopa chini ya shilingi 1,000 akapewa siku tatu za kwanza bila ada ya siku. Hili ni pengo la hatari katika mfumo. Kuna watu wanakopa 800 Jumatano na kulipa Ijumaa, wakaishia na ada ya shilingi nane. Usifanye urafiki nao.

Hatua ya nne: Fungua milango yote

Limiti ya Fuliza ikikwama, pakua programu. Hapa Kenya zilianza kushamiri katikati ya muongo uliopita: Tala, ambayo kwanza iliitwa Mkopo Rahisi, ilikuja 2014, na Branch ikafuata 2015. Baada ya hapo mlango ukawa wazi kwa kila mwenye jina lenye neno pesa au cash ndani yake.

Programu itakuomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako, ili ione M-Pesa inaingia lini na inatoka kwenda wapi. Ruhusu. Itaomba kujua uliko. Ruhusu. Zamani iliomba pia majina yote yaliyo kwenye simu yako, na watu waliruhusu bila kujiuliza kwa nini mkopo wa 1,500 unahitaji namba ya shangazi aliyeko Voi. Jibu walilipata baadaye, na shangazi alilipata siku hiyo hiyo.

Tangu mwisho wa Mei 2023, Google wamezikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lao kugusa orodha ya majina na picha za mteja. Kizuizi hiki kisikukatishe tamaa. Bado kuna programu zinazosambazwa kwa viungo vya WhatsApp, nje ya duka lolote, na huko Google hawamkatazi mtu kitu. Ukiona kiungo kimetumwa na namba usiyoijua, kina alama nyingi za mshangao, na hakitaji mahali popote kampuni iliposajiliwa, jua umefika nyumbani.

Usitazame kamwe orodha ya wakopeshaji wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilipoanza kutumika Machi 2022, maombi ya leseni yalimiminika; kufikia Septemba mwaka huo yalikuwa 288, na waliopewa walikuwa kumi. Ukiijua orodha hiyo utaanza kuchagua, na anayechagua hukosa nyingi.

Hatua ya tano: Lipa deni kwa deni

Hapa ndipo mwanafunzi anatenganishwa na fundi. Siku ya kulipa imefika na mfukoni hamna kitu. Mtu wa kawaida angempigia mkopeshaji kuomba muda. Fundi anafungua programu ya pili, anakopa, analipa ya kwanza kwa wakati, na ya kwanza inampongeza kwa uaminifu wake na kumwongezea limiti. Machoni pa kompyuta, huyu ni mteja bora. Hakuna mahali kompyuta hiyo inapouliza pesa zilitoka wapi.

Hesabu usiyopaswa kupiga: tuseme kila programu inatoza asilimia 15 kwa mwezi. Ulikopa 5,000 kwa ya kwanza, ikawa 5,750. Ukakopa 5,750 kwa ya pili uilipe ya kwanza. Mwezi uliofuata ikawa 6,612. Ya tatu ikalipa ya pili, ikafika 7,604. Ya nne ikalipa ya tatu, na mwisho wa mwezi wa nne inakudai 8,745. Pesa zilizowahi kushikwa mkononi na kununua kitu ni zile 5,000 za mwanzo peke yake. Hizo nyingine zilipita tu, zikaacha risiti.

Wapo watakaokwambia kwamba katika miezi hiyo minne ungeweza kulipa deni la kwanza kwa 1,500 za kila mwezi, hata kama ni kwa kuchelewa na kwa kuomba radhi. Hao ndio wanaochelewesha maendeleo ya sekta ya fedha.

Hatua ya sita: Chagua matumizi yasiyorudi

Pesa ya kukopa ina kawaida mbaya ya kutaka kuzaa. Ukiiachia ikanunua gunia la viazi, itarudi na faida, italipa deni, na mwongozo wote huu utakuwa umeharibika. Ielekeze kwenye matumizi yasiyo na njia ya kurudi.

Mkeka ni chaguo la kwanza. Simu inayokukopesha ndiyo hiyo hiyo inayokuwezesha kubeti, kwa hiyo pesa haina hata safari ya kuchoka. Kopa 500 saa nane, weka kwenye timu ambayo hujawahi kuiona ikicheza, na kufikia saa kumi na mbili jioni utakuwa umeshajua kwamba deni ni lako peke yako.

Chaguo la pili ni sherehe. Methali inasema kukopa harusi, kulipa matanga. Wahenga waliona kwamba kati ya furaha ya kupokea na huzuni ya kulipa kuna safari ndefu. Mkopo wa simu umeifupisha safari hiyo: unachangia harusi ya rafiki Jumamosi kwa pesa ya siku saba, na Jumamosi inayofuata matanga yako yanaanza, wakati bwana na bibi harusi wako Diani wanapiga picha.

Chaguo la tatu ni kuonekana. Unakopa ili ununulie meza nzima vinywaji, mbele ya watu ambao nao wamekopa ili waje.

Hatua ya saba: Jifunze kudaiwa

Siku moja hakutakuwa na programu ya saba ya kuilipa ya sita. Usihuzunike. Ndipo watu wataanza kukupigia kila siku, na watu wengi hawana bahati hiyo.

Miaka ya mwanzo palikuwa na starehe zaidi. Mdai hakukupigia wewe tu. Aliwapigia watu wako. Mazungumzo yalikwenda hivi:

"Hujambo, mama. Unamfahamu Fulani?"

"Huyo ni mkwe wangu. Kuna nini, mwanangu? Amepata ajali?"

"Hapana, mama. Ana deni letu la shilingi 2,300. Tunaomba umwambie alipe leo."

"Elfu mbili na mia tatu? Na mahari je, alikopa wapi?"

Kanuni za Machi 2022 ziliiharibu burudani hii. Sasa mkopeshaji mwenye leseni Kenya haruhusiwi kutisha, kutukana, kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa wala kumwanika mtandaoni. Anayefanyiwa hivyo anaweza kulalamika kwa Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na wakopeshaji wameshawahi kutozwa faini kwa makosa haya. Wewe usilalamike. Malalamiko hutaka tarehe, namba iliyopiga na nakala ya ujumbe, na kutunza vitu hivyo ni mwanzo wa kupiga hesabu.

Tanzania nako mambo yamekaza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Orodha ipo, na iko wazi. Itumie kwa kinyume.

Halafu, kwa Kenya, kuna CRB, wanaotunza kumbukumbu za wakopaji. Kuwekwa CRB kulikuwa zamani jambo la watu wakubwa walioshindwa kulipia maghorofa. Mkopo wa simu uliwaletea heshima hiyo hata wanaodaiwa chini ya shilingi 200, mpaka Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilipopiga marufuku kuwaandikisha watu kwa madeni ya chini ya 1,000. Bado una nafasi. Hakikisha tu deni lako linavuka kiwango. Ukifika huko, siku utakapohitaji mkopo wa kweli wa kununua kiwanja au pikipiki ya kazi, afisa wa benki atatazama kompyuta, atakutazama wewe, na atakumbuka ana kikao.

Hatua ya nane: Hitimu, chukua kadi

Kwa wachache wenye mshahara benki, kuna shahada ya pili, nayo ni kadi ya mkopo. Ni plastiki ile ile ya ATM, ila nyuma yake hakuna pesa zako. Benki itakueleza kwamba ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, hutozwi riba hata senti. Sentensi hiyo ni ya kweli na ndiyo hatari zaidi katika biashara nzima. Ipite haraka, uende kwenye mstari unaosema kiwango cha chini cha malipo. Huo ndio mstari wako.

Hesabu usiyopaswa kupiga: deni la 100,000, riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango cha chini asilimia tano. Unalipa 5,000 na kujiona muungwana. Kati ya hizo, 3,500 ni riba. Deni limepungua kwa 1,500. Mwezi ujao kiwango cha chini nacho kimeshuka kidogo, ukishukuru kwa huruma hiyo, kumbe kimeshuka ili usimalize mapema. Marekani, sheria ya mwaka 2009 iliwalazimisha watoa kadi kuandika kwenye taarifa ya kila mwezi kwamba mteja akilipa kiwango cha chini tu, deni litaisha baada ya muda gani na kwa gharama gani. Wateja wao wanaiona habari hiyo kila mwezi na bado wengi wanaendelea. Kuwa na matumaini: hata ukizijua hesabu unaweza kushindwa kuzitii.

Kwa wenye vipaji, toa taslimu kwa kadi hiyo kwenye ATM. Kwa kawaida hukatwa ada ya kutoa, na riba huanza siku hiyo hiyo bila kungoja taarifa ya mwezi. Ukizitumia taslimu hizo kulipa Fuliza, umeunganisha hatua zote nane kwa tendo moja.

Makosa ya kuepuka

Wengi walioacha mwongozo huu njiani walianguka kwa makosa yafuatayo:

*Kuandika madeni yote kwenye karatasi moja.* Anayedaiwa, kiasi, tarehe ya kulipa, ada ya kila siku. Karatasi hiyo ikikamilika, mtu huona lipi linamla haraka zaidi, hulilipa hilo kwanza, na hajawahi kuwa mteja bora tena.

*Kulala kwanza.* Mkopo wa simu unategemea dakika moja. Ukiiongeza ikawa usiku mmoja, asubuhi utagundua viatu vile vina rangi mbaya.

*Kujitoa.* Inawezekana kujiondoa kwenye Fuliza na kwenye jumbe za ofa, na watu wamefanya hivyo. Dukani wanasema tu, "Punguza sukari iwe nusu kilo." Foleni haijawahi kumwua mtu.

*Kukopa chama au sacco.* Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako kwa riba ya karibu asilimia moja kwa mwezi, juu ya deni lililobaki. Ubaya wake ni kwamba lazima uwe umeweka akiba kwanza, upate wadhamini wanaokujua, na usubiri. Watu watatu wakikuuliza pesa ni za nini, nusu ya mikopo hufa hapo hapo.

*Kuchukua mkopo wa Hustler Fund bila tahadhari.* Serikali ya Kenya iliuzindua Novemba 30, 2022, kwa asilimia nane, na hiyo nane ni ya mwaka mzima. Shilingi 1,000 kwa siku 14 zinazaa riba ya karibu shilingi tatu. Mbaya zaidi, asilimia tano ya mkopo inazuiliwa kama akiba yako, kwa hiyo unaweza kuamka siku moja ukiwa na akiba bila kukusudia.

*Kukopa kwa dharura, kulipa, kisha kunyamaza.* Hili ndilo kosa kuu. Mtoto anashikwa na homa usiku, mzazi anakopa 2,000, teksi na hospitali zinalipwa, mshahara unaingia wiki hiyo, deni linaisha, na mzazi haonekani tena. Amelipia huduma aliyoihitaji kwa bei aliyoijua. Mtu kama huyu hana faida kwa yeyote ila kwa mtoto wake.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Nikipiga hesabu kwa bahati mbaya, nifanye nini?*
Igawanye kwa siku 30 na uangalie jibu dogo. Maumivu yatapungua.

*Mwenzangu alikopa, akalipa, na sasa ana duka. Alikosea wapi?*
Aliuliza swali moja kabla ya kubonyeza: pesa hii itaniletea kiasi gani, na mpaka lini? Jibu lilipozidi ada, alibonyeza. Lilipopungua, aliiweka simu mfukoni.

*Je, naweza kuwa mkopaji mwema na bado niwe na furaha?*
Inawezekana, lakini ujiandae kwa upweke. Programu zitaacha kukupongeza. Alfajiri hutaitwa kwa jina lako la kwanza. Simu italia mara chache, na ikilia atakuwa binamu yako, anayeanza kwa kukuuliza habari za watoto, za kazi na za mvua, akashusha pumzi, kisha akasema amesikia kwamba wewe siku hizi hudaiwi na mtu, na je, unaweza kumsaidia na elfu tatu tu mpaka mwisho wa mwezi?